Punda Aliyekataa Kuomba Radhi

Siku ile mpumbavu alikuwa mwandishi mwenyewe, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Aliketi ofisini kwa mhariri, kiti kikilia chini yake, akaambiwa kwamba hadithi yake ya punda ni nzuri, picha ni nzuri, watoto watacheka mpaka washike mbavu, ila haina funzo. Punda anayempiga teke kila anayemtwisha mzigo bila kumsalimu, kisha anakwenda zake kulala, anamfunza mtoto nini? Mhariri, mtu mpole mwenye kalamu nyekundu katika kila mfuko, alitaka ukurasa mmoja tu wa mwisho. Punda awaombe radhi wote, abebe mizigo yote, na chini yake iandikwe kwa herufi nene: Funzo, tuwatii wakubwa.

Mwandishi angeweza kukataa. Lakini kabla ya hapo alikuwa akila kwa kuandika maelezo ya pakiti za dawa ya mende, na huko nako walimwachisha kazi kwa sababu wateja walianza kuwaonea huruma mende. Kitabu hiki kisipotoka, hana pa kurudi. Mwenye njaa hana miiko. Akauandika ukurasa ule palepale, kwenye pembe ya meza ya mhariri, akashukuru kwa ugali wa kesho.

Alipofika nyumbani, punda alikuwa jikoni.

Mama wa mwandishi alikuwa akimenya viazi. Bila kuinua macho alimweleza kwamba mgeni amepanda kwa ngazi kwa kuwa lifti ni mbovu kama kawaida, na kwamba ameambiwa afute kwato mlangoni, naye amefuta.

"Ni wako?" mama aliuliza.

"Ni wangu, mama."

"Basi mwambie asiegemee friji."

Mwandishi alifungua jalada lake. Soko lilikuwapo, magunia yalikuwapo, na wachuuzi walikuwapo, wameinama wakijishika makalio. Punda tu ndiye hakuwapo, mahali pake pameachwa peupe. Kwenye ukurasa wa mwisho funzo lilisimama peke yake, kama mgeni aliyekosea siku ya harusi. Punde mhariri akapiga simu. Nakala ya ofisini nayo imebaki na mashimo. Je, mwandishi amemwona punda? Amemwona. Basi amrudishe kabla ya mashine kuwashwa kesho, la sivyo kitabu hakuna.

Alimbembeleza kwa karoti. Punda alizila zote, akashukuru kwa masikio, akageukia rafu ya vitabu. Rafu yenyewe ilikuwa ya ajabu kidogo. Mwandishi alipokuwa mdogo, muuza duka wa mtaani alifungia bidhaa kwa kurasa za vitabu vikuukuu. Mama alimwona mwanawe akizinyoosha karatasi zile na kuzisoma, basi akaacha kununua vitu kwa pamoja: leo chumvi peke yake, jioni sukari, kesho majani ya chai, kila kimoja kidogo, ili karatasi ziwe nyingi. Muuza duka alimwona bahili, naye akamwacha aone. Mtoto alipata kurasa zisizo na mwanzo wala mwisho. Mfalme ameinua upanga, na sukari imeishia hapo. Mwisho aliutunga mwenyewe akiwa kitandani, na asubuhi, kama haukumpendeza, alitunga mwingine. Hakuna karatasi hata moja iliyowahi kumwambia awe mtoto mwema, na ndiyo maana alizipenda zote. Baadaye mama alizishona kwa uzi wa vifungo, zikawa vitabu.

Punda alivuta kimoja kwa midomo, akakisoma, akacheka kama punda wanavyocheka. Sufuria zikatetemeka. Watoto wa ghorofa za chini wakapanda bila kuitwa, wakakaa sakafuni, walioweza wakaegemea tumbo lake. Mama aliwaambia wale wakubwa wawaachie wadogo upande wa mbele, kwa kuwa upande wa nyuma wanaujua wenyewe.

Ikabidi mwandishi awasomee. Kila teke lilipotua watoto waliangukiana kwa kicheko, na punda aliangalia chini kwa haya, kama mtu anayesifiwa mbele ya wakwe. Kisha ukafika ukurasa wa mwisho. Mwandishi aliusoma kwa sauti iliyozidi kupungua. Msichana mmoja akamuuliza, kwa heshima zote, kama ukurasa huo ni wa kitabu kingine.

Mwandishi aliunyofoa, akamnyooshea punda. Punda aliula polepole, akapangusa midomo kwa kanga ya mama, akarudi kitabuni, mguu mmoja kwa kila ukurasa, mkia mwisho.

Kitabu kilichapwa. Mhariri, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa upesi, aliuandika ukurasa wa funzo upya kwa mkono wake, ukatiwa katika nakala zote. Nakala zote zilipofika madukani ulikuwa umeliwa, umebaki ukingo wenye alama pana za meno. Wauza vitabu wanafagia vipande. Sheria ya funzo haikubadilika. Mpaka leo funzo linachapwa mwishoni mwa kila hadithi, na katika vitabu vya waandishi wengine, ambao wanyama wao wana adabu zaidi, linakaa salama. Mwandishi ameshaanza hadithi nyingine, ya kiboko asiyetaka kuoga, na anaandika huku akipiga mluzi.

Jioni moja mhariri alipanda ngazi mwenyewe, akapewa kiti jikoni, akamlalamikia mama. Hachukii kicheko, alisema. Yeye mwenyewe aliposoma lile teke alilopigwa tajiri wa viazi kitabuni alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Lakini kitabu ni mali. Lazima kimwachie mtoto kitu.

"Sasa mama," alisema, "mtoto akishacheka, anabaki na nini mkononi?"

Mama alimsogezea kikombe cha chai.

"Na wewe, mwanangu, miwani ilipokudondoka, ulidai risiti?"