Viini Vyekundu vya Brebes

Siku ushirika wetu wa mayai ya chumvi hapa Brebes ulipokutana kuamua tununue mayai ya nani, mchinjaji alikuwa ameshapita kwa baba yangu mdogo, Lik Wastap, kuwakagua bata wake. Wanawake wa ushirika wakichagua mayai ya kampuni badala ya yake, kundi lake zima litakwenda machinjoni.

Tulikutana kwenye banda tunamochanganyia majivu na chumvi ya kupaka mayai. Bwana Hendarto, mwuzaji wa kampuni, aliweka boksi mezani. Lilichorwa bata wakitamba kwenye majaruba ya mpunga, na pembeni muhuri wa jani la kijani: "Bata Huru. Rafiki wa Mazingira."

"Kina mama, hukumuni wenyewe," alisema, akakata yai la kuchemsha kwa uzi. Kiini kilikuwa chekundu kama nyanya iliyoiva. Banda zima likaguna kwa kutamani. Kwetu mtoto hujua hilo kabla ya kujua kusoma: kiini chekundu ni cha bata aliyetembea shambani, kilichopauka ni cha bata wa kizimbani.

Lik akakata lake. Njano tupu.

"Wee Wastap, bata wako wana homa ya manjano?" alipiga kelele mwenyekiti wetu, Mama Casriah. Watu wakaangua kicheko. Lik akaivuta kofia yake ikamfunika macho.

Mimi hukaa nyuma mikutanoni. Nimesomea sayansi ya chakula chuoni Semarang, na bado nikiuliza bei sokoni hunong'ona. Lakini nilimwona Lik anaitafuta njia ya kutokea, nikajikuta nimesimama.

"Samahani, Bwana. Huu muhuri wa jani, nani kawapa?"

"Ni wetu, dada. Idara yetu ya ubora."

"Mmejipa wenyewe?"

"Hata mimi basi ni mrembo wa wilaya," alidakia Mama Casriah, "nimejivisha taji jikoni!"

Hendarto alicheka pamoja nao. "Muhuri ni pambo tu, mama. Kiini hakidanganyi."

"Basi tukate mengine," nilisema.

Tukakata ya kampuni mpaka sinia likajaa. Yote mekundu, wekundu ule ule, kana kwamba brashi moja imepita humo. Tukakata ya Lik. Moja la njano, jingine la rangi ya chungwa, jingine limepauka kabisa, na moja jekundu kuliko yote ya kampuni.

"Aibu gani hii," mtu akanong'ona.

"Si aibu." Sauti yangu ilitetemeka, nikaiacha itetemeke. "Bata akiachiwa jarubani, huyu anapata konokono, yule kamba, mwenzao anaambulia punje za mpunga. Watatagaje rangi moja? Hawa wa kampuni wanakula chakula kimoja, kimetiwa rangi. Wekundu huo unauzwa kwa kilo, unachanganywa na pumba."

Mama Casriah aliinama juu ya masinia, akatazama hili, akatazama lile.

"Gari lako lipo nje, Bwana," nikaendelea. "Tupeleke tukawaone hao bata huru. Sasa hivi."

"Haiwezekani, dada. Tunaogopa magonjwa. Wageni hawaruhusiwi kuingia."

"Kuingia wapi?" Mama Casriah aliinua kichwa. "Si wako shambani? Shamba lina mlango?"

Banda lilipasuka kwa vicheko. Hata kura haikuhesabiwa. Mikono yote ilikuwa juu kwa mayai ya Lik, mingine imeshika vipande vya mayai.

"Wastap!" Mama Casriah aliita. "Mwambie huyo mchinjaji wako akale tempe ya soya, nyama ya bata hapati. Na wewe, Nok," akanigeukia, maana ndivyo tunavyowaita mabinti, "kuanzia leo unakaa mbele."

Hendarto alichukua boksi lake, akawasha gari. Hakufika mbali. Lik alikuwa ameshawatoa bata wake, anawahamishia kwenye majaruba yaliyovunwa ng'ambo ya barabara, na bata walivuka taratibu, wakipiga soga, wamejaa tope mpaka kifuani. Hendarto alipiga honi.

"Subiri kidogo, Bwana," Lik alimjibu, fimbo begani, kofia imesukumwa kisogoni. "Hawa wako huru."