Gari Lililomjua Alvin

Jumamosi asubuhi Lowell Brandsma alikuwa amelala chali chini ya gari lake, akifunga shokomzoba mpya, huku rafiki yake Alvin Tolliver akipiga msasa mlango wa dereva. Gari lilikuwa limewatumikia polisi wa kaunti mpaka likachoka, na Lowell alilinunua mnadani kwa sababu tangu utotoni alitamani gari zito lenye usukani mwepesi. Alikuwa mwalimu wa ufundi katika sekondari ya mji ule mdogo wa Michigan. Alvin, mpaka rangi mstaafu, alikuwa mmoja wa watu weusi wachache wa mji huo.

Maandishi ya polisi yalishabanduliwa mlangoni, lakini jua lilikuwa limeacha kivuli cha herufi kwenye rangi. Alvin alikisugua mpaka bati likang'aa.

"Hata nikimaliza, mwalimu," alisema, "utaonekana unakwenda kumkamata mtu."

"Nipake rangi gani basi?"

"Kijani cha njegere. Hakuna anayeogopa njegere."

Wakapaka kijani cha njegere. Waling'oa wavu wa chuma na kiti kigumu cha nyuma, wakaweka viti vya ngozi. Lowell akaziba matundu ya paa palipokuwa na taa, akatia injini yenye nguvu zaidi. Mkewe, Joyce, alisema gari sasa linanukia kama duka la viatu, naye alipenda duka la viatu.

Ijumaa iliyofuata walikwenda kula samaki kwenye ukumbi wa kanisa, kila mtu na gari lake, Alvin mbele na pikapu yake. Walipopita duka la mbegu, gari la Lowell liliongeza mwendo lenyewe, likamkaribia Alvin kwa nyuma, na kutoka kwenye paa tupu ukatoka mwanga mwekundu na wa buluu ukaimulika theluji. Alvin aliwasha indiketa, akaegesha kando, akazima injini, akashusha kioo na kuweka mikono yote juu ya usukani. Gari la Lowell likasimama nyuma yake, limekaa upande kidogo, kama yanavyosimama magari ya polisi. Lowell alijaribu kurudi nyuma. Gia ilikataa. Akashuka kwenda kuomba radhi.

"Leseni iko mfuko wa koti, kushoto," Alvin alisema akitazama mbele. "Naingiza mkono sasa, afande. Polepole."

"Alvin, ni mimi."

"Najua ni wewe." Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. "Mdomo umezoea tu."

Lowell aliomba radhi, na taa zikaendelea kuwaka. Aliomba tena, kwa sauti zaidi. Mwishowe aliipokea leseni kwa kuwa ilikuwa imenyooshwa mbele yake, akasoma jina analolijua, akairudisha na kusema unaweza kwenda. Taa zikazimika. Ukumbini Alvin aliwasimulia watu kwamba mwalimu amemsimamisha wakati yeye alikuwa anamuwahia kiti. Watu walicheka, na mtu mmoja akaomba apitishiwe siki.

Fundi umeme alikagua, akasema hakuna waya unaofika kwenye paa. Bwana wa yadi ya kaunti, lilikotoka gari, alieleza kwa simu kwamba baadhi ya magari hufanya hivyo, ni mazoea ya kazi, kisha akauliza kama breki ni nzuri. Breki zilikuwa nzuri. Joyce aliliendesha mara kadhaa kwenye barabara ileile. Halikumsimamisha mchungaji, ambaye hukimbiza gari kama ana moto kiunoni, wala jirani yao Gerrit, ambaye huendesha amelewa na taa moja ya nyuma imevunjika. Lilimsimamisha Alvin tu, karibu kila Ijumaa.

Lowell alijaribu kutangulia. Gari lilipunguza mwendo, likakaa kando ya barabara mpaka Alvin alipopita, kisha likamfuata. Ndipo akapendekeza wawe wanapanda pamoja.

Alvin alifungua mlango wa nyuma, akaipapasa ngozi mpya.

"Nimeshawahi kulipanda hili," alisema. "Wakati huo kiti kilikuwa cha plastiki."

"Lini?"

"Siku ya harusi ya binti yako Karin. Walisema pikapu yangu inafanana na nyingine waliyokuwa wanaitafuta. Mpaka wananiachia, keki mmeshakata."

Lowell alikumbuka kwamba aliambiwa Alvin ana mafua. Alikumbuka pia kwamba Joyce alimpelekea supu, na Alvin akaipokea mlangoni, akashukuru, na kukohoa kidogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ilikuwa harusi, mwalimu." Aliufunga mlango taratibu. "Hili gari, unaweza kuliuza?"

Lowell alisema hata yeye amelifikiria. Kisha akajisikia akizungumzia injini, kwamba injini kama ile haipatikani kirahisi, na viti, na jinsi shokomzoba zilivyokaa. Aliona aibu katikati ya sentensi, lakini sentensi ilikuwa ndefu na aliimaliza.

"Na rangi imekaa vizuri," Alvin alisema. "Ingekuwa hasara." Hakulizungumzia tena.

Majira yakabadilika. Waliosimama dukani kununua mbegu walizoea kuziona taa, wakawa wanawapungia mkono wote wawili. Alvin alianza kuweka leseni juu ya dashibodi kabla hata hajaondoka nyumbani.

Ijumaa moja ya Agosti, joto limekaza, Lowell alikuwa na njaa na hakutaka kuchelewa. Alishuka, akaenda dirishani, akanyoosha mkono. Leseni ikatua kiganjani. Aliitazama picha, akamtazama Alvin usoni, akaitazama tena picha.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kula samaki, afande."

"Haya. Nenda salama."

Taa zikazimika. Lowell alirudi garini, na gari likaondoka laini kabisa, bila kelele yoyote. Alikuwa ameshafika kwenye mataa ya posta, akisubiri nyuma ya pikapu, alipotambua kwamba safari hii hakuomba radhi, na kwamba Alvin hakuonekana kuisubiri.