Mkamwana Haingii Sebuleni

Tulikuwa tumeshaiacha Ipogolo, basi linavuta kwenda Mafinga, na televisheni imekaa katikati yetu kama abiria wa tatu. Mpya, ndani ya boksi lake, imefungwa kamba ya katani. Kaka yangu Crispin aliinunua ili bintiye Paskalina aende kwa mumewe na kitu chake mwenyewe, akiweke chumbani, asimsumbue mtu.

"Baba mdogo," Paskalina akaniambia, "wakinirudisha tena, baba hatanipokea."

"Atakupokea."

"Alisema mbele yako."

Kweli alisema mbele yangu. Alisema binti akirudi kwao mara moja amepotea njia, akirudi mara ya pili ameijua. Crispin hana maneno mengi, na machache aliyo nayo hayarudishi nyuma. Mimi nikatumwa kumsindikiza na kumkabidhi kwa mumewe mkononi, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye sina shamba la kuniita.

Kilichomrudisha mara ya kwanza ni hiki. Paskalina ameolewa Ilomba, pale Mbeya, na Asukile, Mnyakyusa, dereva wa malori ya Kongo. Waliishi vizuri mpaka baba yake Asukile, Mzee Saulo, alipohamia kwao kutoka Tukuyu ili awe karibu na hospitali kwa ajili ya presha. Akaja na binti yake mkubwa, Sekela, wa kumtunza. Jioni moja mzee anatazama taarifa ya habari, Paskalina akaingia, akakaa mkekani, akacheka tangazo la sabuni. Basi. Kwa hilo alirudishwa kwetu Tosamaganga, Iringa, na begi moja.

Kwetu Tosamaganga televisheni inafunikwa kitambaa cha kufuma, kama altare. Jioni ni rozari kwanza. Rozari ikiisha kitambaa kinafunuliwa na wote wanakaa: baba kitini, watoto chini, mkamwana na ungo wake wa maharage, anachambua huku anatazama, anauliza, anabishana na baba mkwe kuhusu nani mwongo kwenye mchezo. Nyumba ikinyamaza tunaulizana nani amenuna.

Kwa akina Saulo kuna kitu wanakiita ukutila. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Akimsikia anakohoa ukumbini anajibana jikoni mpaka apite. Siku hizi Wanyakyusa wengi wamelegeza, hasa wa mjini. Mzee Saulo hakulegeza, na Sekela alikaza kuliko yeye.

Mimi nimetembea. Nimechoma mkaa Chunya, nimepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, shule nimeipata vipande, darasa hapa darasa kule. Nimelala katika sebule za watu wengi, na huwa simtazami sana anayesema kwenye kioo, nawatazama wanaotazama. Ruaha Mbuyuni vibarua walikuwa wanatazama mpira wamesimama, mmoja akikaa anaambiwa analeta mkosi. Kwa hiyo nilipofika Ilomba nilijua naingia nyumba ya namna gani. Nilichokuwa sijui ni kwamba ile televisheni itatuumiza.

"Fungeni mbwa," Mzee Saulo alisema aliponiona mlangoni, "Mhehe amefika."

"Mbwa wenu wamekonda, mzee. Nitasubiri wanenepe."

Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa. Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtu mkubwa, mikono kama majembe. Paskalina alipita kwa mlango wa nyuma, kajitanda kitenge mpaka kwenye nyusi.

Sekela akalizunguka lile boksi. "Hii ya wapi?"

"Ya binti yetu," nikasema. "Ya chumbani kwake."

"Chumbani? Baba atazame ile ya zamani ya kichogo, mkwe alale na mpya? Wahehe bwana. Haya, ifungue, iwekwe sebuleni."

Na Asukile hayupo, yuko kwenye foleni mpakani huko Kongo. Ningesema nini, mgeni, na binti aliyerudishwa mara moja? Nikaifungua mwenyewe, nikaiweka sebuleni. Ndivyo Paskalina alivyoletewa televisheni na baba yake, ikakaa katika chumba kimoja tu cha nyumba ile ambacho haruhusiwi kuingia.

Nikabaki kumsubiri Asukile. Kila jioni ilikuwa vilevile. Mzee kwenye kiti chake, rimoti mkononi: habari, ngumi, kwaya siku ya Jumapili. Ikianza tamthilia ya Kituruki, ile ya kutafsiriwa Kiswahili, anabadilisha kabla wimbo wake haujaisha. Upande wa pili wa ua kwa Mwanahawa, muuza vitenge ambaye babu yake alitoka Kilwa, saa hiyohiyo wanawake wamejaa mpaka mlangoni na wanaume wametolewa barazani. Mwanahawa alimwita Paskalina kupitia ua: "Mwanangu, njoo, kwangu hakuna mkwe." Sekela akajibu kwa niaba yake kwamba mke wa mtu hatangatangi.

Siku moja nikakiona kioo. Kilikuwa kioo cha mlango wa kabati uliong'oka, kimeegemezwa ukutani koridoni, kikitazama mlango wa sebule ambao una pazia tu, nalo husogezwa pembeni mzee apate hewa. Paskalina amekaa kwenye kigoda na ungo wake, amewapa mgongo watu wote, macho kwenye kioo. Ndani ya kioo, televisheni ileile, kinyume. Msomaji wa habari anashika karatasi kwa mkono wa kushoto, na maandishi ya chini ya picha mkamwana wetu anayasoma kuanzia mkiani.

"Sekela akikukuta?"

"Simtazami mtu, baba mdogo. Natazama televisheni yangu."

"Na mzee haonekani humo?"

"Siku ya kwanza lilionekana goti. Nikaogopa. Tangu siku ya pili halionekani tena. Ni ule mkono wa kiti tu, na mkono wake wenye rimoti."

Nilijua Sekela akikijua kioo kile, Paskalina anarudi Iringa, na Iringa hakuna mlango.

Jumapili ile upepo wa Mbeya ulikuwa umeligeuza dishi usiku. Jioni Sekela alienda kwaya. Mzee akaniomba nipande juu ya bati nilirudishe. Mvua ilikuwa imepita, bati linateleza, na mimi magoti yangu si ya kupanda, lakini ningekataaje.

Kazi ya dishi wote tunaijua. Wa juu anazungusha, wa ndani anasema.

"Imekuja?"

"Bado."

Nazungusha kidogo. "Sasa?"

"Bado. Inakwaruza."

"Hapo je?"

Kimya. Nikasikia sauti ya televisheni inatoka dirishani, safi. Imekuja. Nikasema moyoni, mzee ameshapata picha, amenisahau. Nikauliza tena, nikakaza nati, nikauliza mara nyingine. Hakujibu. Sikushtuka. Nyumba ile ilikuwa nyumba ya kunyamaza, kunyamaza ndiyo heshima yake. Ingekuwa kwetu ningeshuka mbio.

Wimbo wa tamthilia ukaanza. Ukaisha. Mwanamke wa Kituruki akaanza kulia, akaendelea kulia. Chini nikamwona Paskalina ametoka mlango wa nyuma, ameshika ungo bado.

"Baba mdogo, mzee hajabadilisha."

"Si ufurahi? Leo amekuhurumia."

"Na mimi nilidhani hivyo. Lakini rimoti iko chini. Mkono unaning'inia."

"Amelala."

"Vidole vinacheza."

Nikalitazama bati, nikaitazama ngazi iko upande wa pili wa paa. "Nenda ukamwone," nikasema.

"Siwezi."

"Paskalina, mimi mpaka nifike chini."

"Siwezi, baba mdogo. Nikiingia nitasema niliona kwa wapi?"

Alisimama pale. Nikaanza kutambaa kuelekea ngazi, tumbo juu ya bati kama kenge, na kila nikisogea nateleza kidogo. Yule mwanamke wa tamthilia bado analia. Nilipogeuka kumwangalia Paskalina, ungo ulikuwa chini, maharage yametapakaa, na yeye hayupo.

Nilipoingia sebuleni, magoti yanatoka damu, alikuwa amemteremsha mzee sakafuni, amemlaza ubavu, amemweka kichwa pajani kwake, anamtoa mate mdomoni kwa kitenge chake. Kichwa chake Paskalina kilikuwa wazi. Mdomo wa mzee ulikuwa umeenda upande. Jicho moja lilikuwa linamtazama Paskalina, wazi kabisa.

Nyuma yangu mlango wa nje ukafunguliwa. Sekela, bado na joho la kwaya. Hakuuliza baba ana nini. Alisema:

"Nani amekuruhusu?"

"Wifi," Paskalina akasema, hakuinua macho, "shika miguu."

Sekela hakusogea.

"Shika miguu, mama," nikamwambia. "Kesi tutaikuta."

Akashika. Mwanahawa akatoa gari lake, tukafika hospitali. Kiharusi, wakasema. Amewahishwa, wakasema. Nani alimwona akianguka? Sekela akageuka kumtazama Paskalina, na Paskalina akatazama sakafu.

Wiki mbili zilipita hivyo. Asukile alirudi, akaelezwa na dada yake kwanza, na baada ya hapo hakujua akae upande gani, akawa anaosha lori siku nzima. Mzee aliporudishwa nyumbani, wazee wawili wa ukoo walipanda kutoka Tukuyu. Kabla hawajakaa nilimfuata Paskalina jikoni.

"Sema ulisikia kishindo. Masikio hayana mwiko."

"Hakukuwa na kishindo."

"Nani atajua?"

Akachukua kigoda chake, akatoka.

Kikao kikawa sebuleni. Mzee Saulo kwenye kiti chake, blanketi magotini. Paskalina nyuma ya pazia, koridoni, anajibu kutokea huko. Kioo alikuwa amekigeuza uso ukutani.

Mzee mkubwa wa wale wawili akasafisha koo. "Mwanangu, hatujaja kukupiga. Tumekuja na swali moja. Uliingia kwa sababu ulisikia, au kwa sababu uliona?"

Pazia halikutikisika. Nikakohoa makusudi, ajue niko naye.

"Niliona," akasema.

"Uliona kwa wapi, nawe unakaa jikoni?"

"Kwenye kioo."

"Mmesikia," Sekela akasema. "Mmesikia wenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi. Kila siku."

Asukile akainamisha kichwa. Yule mzee mkubwa akamtazama mwenzake, na nikajua wanatafuta maneno ya kunipa mimi, ya kwenda nayo Iringa. Nikaanza kuwaza jinsi Crispin atakavyosimama mlangoni kwake.

Hapo Mzee Saulo akainua mkono wake mzima. Maneno yalikuwa yanamtoka moja moja, nusu yameumwa.

"Kiti. Nilisogeza mimi."

"Kiti gani?"

"Hiki. Siku ya kwanza niliona goti langu kwenye kioo. Nikajua naye analiona. Nikasogea."

Nikakumbuka goti lililoonekana siku moja tu.

"Baba," Sekela akasema taratibu, "ulijua, ukanyamaza?"

"Ulitaka nimwambie kwa mdomo gani? Mimi siongei naye."

Mzee mdogo wa wale wawili alicheka, akajifuta macho. Mkubwa hakucheka. Alisema basi wote wawili wamevunja, mkwe kwa kutazama na mzee kwa kumpisha, na kwa kuwa mzee sasa anahitaji wa kumlisha, amfungue. Kwao kumfungua mkamwana ni kumpa kuku mbele za watu. Kuku akaletwa, mweupe, Mzee Saulo akamshika kwa mkono mmoja, na Paskalina akatoa mkono wake kupitia pazia, akampokea bila kujitokeza.

Sekela akasimama. "Kama ni hivyo, mimi hapa sina kazi." Akaingia chumbani, tukasikia zipu ya begi.

Baadaye, tumebaki wawili, nilimuuliza mzee: kama alimpisha kwenye kioo, kwa nini hakumwachia na tamthilia yake.

"Ile," akasema, "uongo mtupu."

Mzee Saulo aliishi miezi saba, akafa kwa kiharusi cha pili, akazikwa Tukuyu. Paskalina alimlisha siku zote hizo. Aliruhusiwa kumtazama usoni lakini hakumtazama. Sekela yuko Kyela, anauza mchele. Msibani alikaa upande wake na Paskalina upande wake. Asukile bado ni dereva. Wana mtoto wa kike na bado wako Ilomba. Mwanahawa alihamisha duka kwenda Tunduma. Kaka yangu Crispin hajawahi kufika Mbeya, anasema ni mbali. Mimi nalinda ghala la mbao Makambako, na mvua zikiisha nitaondoka.