Pa Kulaza Sabuni

Mama yake Agnetha, aliyemfundisha kupika sabuni huko kwao Muleba, alikuwa na neno lake: sabuni haikaushwi, inalazwa. Ukiilaza pabaya itaamka na hasira ikutafune mikono. Iepushe na jua, iepushe na moshi, ipe upepo, uigeuze ubavu kama mtoto mchanga, halafu uisubiri. Agnetha aliyashika maneno hayo kama sala, na ndiyo maana msimu ule wa mvua, pale Didia alikoolewa, kilichomkosesha raha hakikuwa kupika sabuni. Kilikuwa kuitafutia pa kulala.

Aliishi na mama mkwe wake, Bernadina, katika mji wenye nyumba ya mabati, jiko la nyasi, na kihenge kimoja kikubwa cha kuwekea mtama, kilichosukwa kwa fito na kuinuliwa juu ya mawe. Mumewe, Wiliam, alikuwa Runzewe kwenye maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu. Alipoondoka alisema duara likitema tu, atarudi. Ama duara halikutema, ama lilitema na mwenyewe akasahau njia, maana simu yake ilizimika tangu kabla ya mtama kupandwa. Mtoto hawakuwa wamejaliwa. Sasa mke asiye na mume wala mtoto, katika mji wa watu, ni nani? Agnetha alijiuliza swali hilo kila alipojinyoosha kitandani, na jibu lake alikuwa amelifungia kwenye begi mvunguni: vitenge vyake vyote, vimekunjwa tayari. Alijiwekea nadhiri. Sabuni hii ikilala vizuri, atakuwa na kazi ya mikono yake hapa Didia, atabaki. Ikiharibika tena, atapanda basi arudi kwao.

Tena, kwa sababu ilikwisha kuharibika. Ya kwanza aliilaza chumbani, na jua lilipotoka baada ya mvua likayapiga mabati, sabuni ikatokwa jasho mpaka ikalegea. Ya pili akaipandisha kwenye uchaga wa jikoni, mahali pakavu kuliko pote. Ikakauka kweli kweli, ngumu, nzuri kwa kuitazama, ila ukinawa nayo unanukia moshi na dagaa. Paka wa jirani alimfuata Agnetha mpaka kisimani. Alicheka siku ile, cheko la kweli. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia.

Kihenge kilikuwa kitupu. Mtama wa mwaka jana ulikwisha, wa mwaka huu bado ulikuwa unachanua shambani. Paa lake halikuvuja hata tone, na upepo ulipita kwenye fito zake taratibu, ukinong'ona. Agnetha akaanza kukiota. Katika ndoto mvua ilinyesha mapovu meupe juu ya mbuga yote, ng'ombe wakatoka malishoni weupe kama yangeyange, na yeye peke yake alikuwa mkavu, amelala kihengeni katikati ya sabuni, huku mkono asioujua ukimgeuza ubavu polepole. Aliamka kila mara na hamu ya kurudi kule.

Akajipa moyo akamwomba mama mkwe, akimwita mama kwa lugha ya pale. "Mayu, naomba nilaze sabuni kihengeni."

Bernadina alikuwa anachambua majani ya kunde. Hakuinua macho.

"Yaya, hapana," alisema. "Kihenge kinalaza mtama."

Neno likaishia hapo. Katika nyumba ile mkamwana hatii mkono kihengeni. Hupewa mtama kwenye ungo, akasaga, akapika, akashukuru. Siku mama mkwe atakapomkabidhi kifuniko ndipo anapokuwa mwenye mji. Kabla ya hapo ni mgeni, hata akiota mvi. Agnetha aliyajua yote hayo. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na Jumapili iliyofuata akasingizia kuumwa kichwa. Bernadina alipokwenda kanisani, Agnetha akaegemeza ngazi, akafunua kifuniko, akateremka ndani na kupanga sabuni yake ya mwarobaini mche mmoja mmoja. Kila mche alikuwa ameubonyeza dole gumba upande wa juu ungali laini. Hiyo ilikuwa alama ya mama yake, na sasa yake.

Alipopata nafasi ya kupanda tena ili aigeuze, alikuta alama zote zinatazama chini.

Alijiambia amesahau, labda aliipanga hivyo. Akaigeuza. Safari nyingine akakuta imegeuzwa tena, kwa upole, bila pembe hata moja kumeguka. Siku zile ukungu ulikuwa hauondoki Didia mpaka jua lipande, na ndani ya ukungu ule mtu angeweza kuamini lolote. Aliwaza mizimu ya mji ule. Akawaza kwamba Wiliam amerudi kwa siri. Alisikiliza nyayo. Hakusikia kitu, ila Bernadina akilalamika kwamba vidole vinambabuka.

"Ni palizi," alisema mama mkwe, akavificha ndani ya khanga.

Siku alipohesabu kwamba sabuni imetosheka kulala, Agnetha alimsubiri Bernadina aende shambani, akapanda. Harufu ilimpokea, safi, kali kidogo. Akainama auchukue mche wa kwanza, mkono ukasita. Sabuni haikuwa imelala tena juu ya fito. Ilikuwa imetandikiwa kitenge chake cha njano, na pembeni kile cha bluu alichoolewa nacho. Alishuka mbio, akaenda chumbani, akavuta begi mvunguni. Begi lilikuwa tupu.

Alipotoka, Bernadina alikuwa amesimama chini ya ngazi, jembe begani.

"Shikamoo, mayu," Agnetha alisema, ingawa walikwisha kuamkiana asubuhi.

"Marahaba. Nguo zilikuwa zinavunda humo begini. Kitu kinataka hewa."

"Ulijua?"

"Mwarobaini wako unanuka mpaka kanisani! Nilipanda nitupe yote." Bernadina alishusha jembe. "Nikaona madole yako. Nikasema, huyu ameacha mkono wake humu. Nikiutupa, nabaki na nani?"

Agnetha alitaka kusema jina la Wiliam. Mama mkwe akamwahi.

"Mwanangu wa kuzaa sijui analala wapi, ng'wanone, mwanangu wewe. Wewe najua."

Akapanda ngazi mwenyewe, akihema, akakishusha kifuniko na kumkabidhi.

"Mtama ukivunwa, wewe ndiye utakayenipimia."

"Utanukia mwarobaini, mayu."

"Afadhali. Dumuzi wanaotoboa mtama watahama."

Agnetha alikishika kifuniko kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka wazi wazi, wala hakuyafuta. Kisha akaleta maji kwenye karai na mche mmoja. Akavichukua vidole vya mama mkwe, vile vilivyobabuka kwa kugeuza sabuni mbichi, akavipaka povu kimoja kimoja, akingoja avivute kwa maumivu.

Bernadina alifumba macho, akaviacha majini.

"Haiumi," alisema.