Gundi ya Kuzibia Tangi

Ufa ulikuwa umepanuka, na mashine ya Chelagat bado ilisema hakuna kilichosogea.

Fundi Mburu ndiye aliyemwita. Mzee huyo hakuuamini kamwe ule uzi wa kioo wa mashine hiyo, mwembamba kama unywele, ambao Chelagat aliubandika chini ya boriti ya ghala la Harbans pale Nakuru ili upime inavyovutika. Yeye alipaka tonge la plasta juu ya ufa, kama mafundi wa zamani wafanyavyo. Asubuhi hii tonge lilikuwa limekatika vipande viwili.

Chelagat aliinua macho kwenye uzi. Gundi! Januari hiyo ya 2008 barabara zilifungwa na ghasia za uchaguzi, gundi ngumu kutoka Nairobi haikufika, naye akatumia ile ya kuzibia matangi, akaipaka nene akidhani wingi ndio uimara. Kumbe gundi laini humeza mvuto wote yenyewe, uzi usipate habari. Siku tisa alisoma sifuri akafurahi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliziba macho. Na kwa sifuri hiyo Harbans aliwafungulia mlango watu mia mbili waliochomewa nyumba Kuresoi.

"Tokeni nje! Boriti inaanguka!" Chelagat alipaza sauti.

Hakuna aliyeinuka. Wanjugu, mama aliyekuwa akinyonyesha palepale chini ya ufa, alisoma jina kwenye beji.

"Chelagat. Watu wa kabila lenu walinitoa kwangu. Saa hii wewe unanitoa hapa?"

"Si hivyo, mathe. Nilikosea."

"Jana si ulituambia mashine haiwezi danganya?"

Kweli Chelagat alikuwa amesema hivyo, tena kwa majigambo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Angewapigia magoti, lakini nani angemwamini leo? Akapanda ngazi ya Mburu, akaushika uzi, akauvuta. Gundi ikarefuka kama chingamu, shibiri nzima, na uzi ukabaki mzima ndani yake.

"Ona, mathe! Inavutika yenyewe, uzi haujui kitu. Mimi ndiye niliwadanganya!"

Vumbi la saruji likamwagikia blanketi la mtoto. Wanjugu akaangalia gundi, akaangalia ufa, akamfunga mtoto mgongoni. Wengine wakaanza kukusanya sufuria zao.

Mlangoni Wanjugu aligeuka.

"Haya, tumetoka. Sasa twende wapi?"

Chelagat akashuka ngazi, gundi bado mikononi, akamfuata nje.