Maana ya Neno Mkora, Kama Nilivyoithibitisha Thika

Mkora ni neno la zamani, la kwetu Ukikuyuni. Cucu, nyanya yangu wa Ruiru, hakumpa mwizi wa kuku jina hilo. Huyo, alisema, ana njaa tu. Mkora ni yule anayekula nyama yako huku akikuchekesha. Nina haki ya kulieleza, kwa kuwa niliitwa hivyo mwaka wa 1954, shuleni Thika, mchana kweupe.

Shuleni tuliruhusiwa Kiingereza na Kiswahili tu. Aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwingine, amvike. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa viboko sita. Mara ya tatu, alifukuzwa. Na katika hali ya hatari ile iliyotangazwa na wakoloni, kijana Mkikuyu asiye na barua ya shule alikuwa mali ya askari.

Siku hiyo kibao kilikuwa changu, mara ya kwanza. Macharia, jirani yangu wa kitanda, alikuwa amekutwa nacho mara mbili.

Nikachukua barua ya mama yake, nikapanda juu ya sanduku, nikaisoma kwa sauti ya kasisi.

"Lete hiyo!" Macharia akasema.

"Tuinamishe vichwa, ndugu wapendwa. Mama anauliza kama bado unakojoa kitandani."

"Mkora wewe!"

Bweni zima likacheka. Nikamvika kibao. Ulikuwa mzaha, ningekichukua tena kabla ya jioni. Lakini kiranja Muthoka alikuwa mlangoni, ameshaandika jina la Macharia kwenye orodha ya jioni.

Hedimasta akatuita.

"Nilisema Kiswahili, bwana," Macharia akasema. "Hata Wakamba sokoni husema mkora."

Hedimasta akanigeukia, maana mimi ndiye niliyeongoza darasa kwa Kiswahili. "Ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Sokoni Thika hata Mhindi wa vitambaa aliwatukana wateja kwa neno hilo. Ila aliyemvika mwenzake kibao bila haki alichapwa kumi na viwili.

"Si kweli, bwana. Ni Kikuyu kitupu."

Macharia hakunitazama. Alifunga sanduku lake kwa kamba, nami nikashika upande mmoja nimsaidie.

"Acha tu," akasema. "Si zito."

Lori la askari lilimchukua njiani, pale Ruiru, kabla hajamfikia mama yake. Muhula huo nilipewa zawadi ya Kiswahili. Nilipiga magoti vizuri nikaipokea kwa mikono miwili.