Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mheshimiwa alilamba kidole, akafunua ukurasa, akalamba tena. Kila alipofunua aliacha doa la mate kwenye pembe ya karatasi, na kila doa lilinipa kinyaa kana kwamba kidole kile kimepita mdomoni mwangu. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kula. Midomo ilimeremeta mafuta, na kijiti cha meno kilipanda na kushuka kila aliposema neno.

"Hivi ni vipya mno," alisema, akakisukuma kitabu katikati ya meza. "Vingine vina nailoni bado. Nikivishika kwenye televisheni, hata mjinga atajua sijavifungua."

"Kwani umevifungua, Mheshimiwa?" Katibu wake alimtania, wakacheka wote wawili mpaka kijiti kikadondoka.

Mimi nilisimama mlangoni na mkoba wangu wa kazi. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Watu huniita Fundi Gundi kwa sababu gundi haiishi kwenye kucha zangu. Niliitwa pale kwa ajili ya kipindi cha Jumapili alasiri, kile ambacho mtu maarufu huketi mbele ya kabati lake na kuwasimulia watazamaji vitabu anavyovipenda. Zamu ya Mheshimiwa ilikuwa imebakiza wiki mbili, na uchaguzi ulikuwa unabisha hodi. Kabati lilikuwepo, la mbao nzuri, refu hadi darini. Vilivyokosekana ni vitabu vyenye sura ya kusomwa.

"Kuna vile vya stoo," Katibu alikumbuka. "Vimechakaa vizuri."

Maboksi sita yaliletwa yakinuka vumbi na mikojo ya panya. Nilichukua kitabu cha juu, nikakipindua kama ninavyovipindua vyote, nikaona kazi ya wembe: ukurasa wa mwanzo umekatwa. Ndani ya jalada la nyuma kulikuwa na alama ya mraba ya gundi kavu, mahali palipobanduliwa mfuko wa kadi ya maktaba. Gundi hainifichi kitu. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe ukurasa wa arobaini na moja, na chini kabisa, chini ya mstari wa mwisho, nikaukuta ufunguo mdogo wa wino wa zambarau na namba pembeni yake.

Nilikifunga haraka. Nikaomba kuonyeshwa msalani.

Baba yangu alikuwa mkutubi wa maktaba ya mji wetu kwa miaka ishirini na miwili. Mzee Maktaba, ndivyo walivyomwita, na enzi hizo lilikuwa jina la heshima. Kila kitabu kilichoingia alikigonga mihuri miwili: mmoja mkubwa ukurasa wa mwanzo, ambao kila mtu aliuona, na mwingine wa umbo la ufunguo aliouchonga mwenyewe kwenye kipande cha raba, ambao tuliujua yeye na mimi tu; pembeni yake aliandika namba ya kitabu katika daftari la maktaba. Nilikuwa mdogo, kazi yangu ikiwa kumshikia kidau cha wino. Nilimuuliza kwa nini ukurasa wa arobaini na moja. Akasema, "Siku za mwizi ni arobaini, mwanangu. Inayofuata ni ya mwenye mali."

Kisha maktaba ikafungwa kwa ukarabati wa paa. Mwenyekiti wa halmashauri wakati huo alikuwa huyu huyu Mheshimiwa, akiwa bado mwembamba. Lori likaja kuvichukua vitabu "vikahifadhiwe", na paa likasubiri mpaka jengo likageuzwa ukumbi wa sherehe. Watu walipoanza kuuliza vitabu vyao, kamati ikaundwa, na kamati ikagundua kwamba mkutubi ameviuza. Baba alikwenda na daftari lake kubwa akawaambia: nileteeni kitabu kimoja tu, popote mtakapokipata, nami nitawaonyesha alama. Mwenyekiti alikuwa anachokonoa meno. "Daftari bila vitabu ni karatasi tu, mzee," alisema, na kikao kikaahirishwa hadi leo.

Kazi ilikwenda, na heshima ikafuata. Mtaani jina lilibaki lile lile ila midomo ikalipinda: "Mzee Maktaba, leo unauza kipi?" Baba akalifunga dirisha la upande wa barabara, hajalifungua tena. Baadaye macho nayo yakaingia ukungu. Daftari amelihifadhi chini ya mto.

Sasa vitabu vilikuwa mbele yangu, mia tatu na ushee. Ningeweza kutia kimoja kwapani nikaondoka. Lakini kikitoka nyumba ile kwapani mwangu, mwizi ningekuwa mimi, na wangesema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kilipaswa kuonekana mkononi mwake. Nilirudi mezani nikafungua mkoba.

Siku kumi na mbili nilivivalisha vitabu vya baba yangu majalada ya ngozi nyekundu, na mgongoni nikavichapa herufi za jina la Mheshimiwa kwa rangi ya dhahabu. Sijawahi kuichukia mikono yangu kama nilivyoichukia siku zile. Nyumbani niliisugua kwa sabuni na limau, na bado chakula kilininukia manukato ya Mheshimiwa. Baba aliniuliza ninafanya kazi kwa nani. Nilimjibu, "Kwa mtu mwenye vitabu vingi." Akafurahi, masikini, akasema mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mbaya.

Kilichonitapisha zaidi ni madoa. Niliyajua mengi kwa wenyewe, wasomaji wa maktaba ya Baba. Fundi baiskeli wa stendi alikuwa akija adhuhuri na vidole vyeusi kwa grisi. Baba alimpa gazeti la kushikia, lakini hadithi ikikolea gazeti lilisahaulika. Muuguzi mmoja alikunja pembe za kurasa, akakaripiwa, akaendelea kukunja. Mheshimiwa alikuja siku moja kufanya mazoezi ya kipindi, akaweka dole gumba lake nono juu ya doa la yule fundi.

"Kamera ije hapa," alimwambia Katibu. "Nitasema: mnaona nilivyokuwa nasoma baada ya kibarua, mikono michafu, mtoto wa maskini? Au siyo?"

"Watalia, Mheshimiwa."

Vitabu nilidhani ndiyo mwisho. Kumbe hata uchafu wa watu alikuwa anauiba.

Siku ya kumaliza, Katibu alinikabidhi kitabu chembamba cha hadithi ya mchimba visima. "Hiki ndicho atakachosoma hewani. Tafuta maneno mazito, piga mstari kwa penseli, weka na utepe. Mheshimiwa hana muda wa kutafuta."

"Nichague mimi?"

"Wewe si ndiye unayevishika kila siku? Chagua, dada."

Sikuhitaji kutafuta. Nilipiga mstari chini ya sentensi ya mwisho ya ukurasa wa arobaini na moja, nikaulaza utepe pale. Katibu alikichukua, akafungua kwenye utepe, akakunja uso.

"Maneno ni mazuri. Na hiki kialama cha zambarau?"

"Ni alama ya zamani," nilisema, na nilikuwa nasema kweli. "Niifute? Itaacha kovu kwenye karatasi."

Alikiinua kitabu kwenye mwanga, akakitazama kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

"Acha. Kinaonekana kimeishi."

Jumapili ile nilimkalisha Baba mbele ya televisheni. Nilipomwambia ni nani anakuja kuzungumza, alishika mikono ya kiti akataka kuinuka.

"Zima. Usinitapishe ndani ya nyumba yangu."

"Vumilia kidogo, Baba."

"Nimevumilia miaka kumi na sita! Huyu na vitabu wapi na wapi?"

"Sikiliza tu. Ni mubashara, hawawezi kukata."

Mheshimiwa alitokea mbele ya kabati, suti ya bluu, miwani ya kusomea ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alisimulia kibatari alichosomea, kibarua, mikono michafu. Mtangazaji alipangusa jicho. Baba alisonya kwa kila sentensi, nami nilikaa nimeuma meno, nikiogopa kwamba atabadili mawazo na kushika kitabu kingine, au kwamba lile dole gumba litafunika kila kitu.

"Tusomee walau kidogo, Mheshimiwa," mtangazaji aliomba.

Akakichukua kitabu chembamba. Akalamba kidole. Utepe ukamfungulia mahali pake, akasoma kwa sauti ya jukwaani: "Maji ya kisima hayaulizi ndoo ni ya nani, lakini aliyechimba anaijua kamba yake."

Baba aliacha kusonya. Shingo yake iligeuka taratibu upande wa sauti.

"Huyo ni mchimba visima," alinong'ona. "Anapofikia maji. Hiyo... mwanangu, hiyo ni arobaini na moja."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi sioni. Niambie. Muhuri upo?"

Kamera ilikuwa inasogea kama alivyoagiza Katibu, ikausaka mstari wa penseli. Dole gumba lilikuwa limetanda chini ya ukurasa, jekundu, lenye mng'ao wa mate. Kisha mtangazaji akasifu maneno yale, na Mheshimiwa, kwa kutaka kuonekana, akakigeuza kitabu chote kwa watazamaji, akakishika kwa juu na vidole viwili. Ufunguo wa zambarau ukajaa kwenye kioo, na namba yake.

"Upo, Baba. Anatuonyesha mwenyewe."

Hakushangilia. Aliniagiza nilete daftari, akaliweka magotini, akalipapasa jalada.

"Nisomee namba."

"Elfu moja mia moja ishirini na saba."

Alifungua akakadiria kwa unene wa kurasa, akakosea kwa kurasa mbili tu. Niliupata mstari. Jina la kitabu lilikuwepo kwa mwandiko wake wa zamani, ulionyooka. Safu ya mwazimaji ilikuwa tupu.

Kwenye televisheni walikuwa wanapiga makofi. Baba alinipa kalamu kutoka mfuko wa shati.

"Mwandike," alisema. "Jina lake kamili, na cheo. Sisi hatuna tabia ya kumwita mtu mwizi kabla ya kumdai kitabu."

Niliandika.

"Tarehe ya kurudisha, Baba?"

Aligeuza uso kuelekea lile dirisha lililofungwa, akafikiri kama mkutubi anavyofikiri akiwa na mtu mbele ya meza yake.

"Kesho," alisema. "Asubuhi tutampelekea daftari asaini."